Albrecht Dürer: Mwana wa Sonara Aliyeweka Nyundo Akashika Kalamu ya Chuma

Ni desturi katika majarida kama haya kusimulia maisha ya watu mashuhuri waliotangulia mbele ya haki. Aghalabu huwa ni viongozi, mashujaa wa vita na washairi. Leo naomba niwapeleke kwa fundi, tena fundi wa mbali, mtoto wa sonara wa mji wa Nuremberg huko Ujerumani. Jina lake ni Albrecht Dürer.

Huenda ukauliza, huyu Mjerumani anatuhusu nini sisi watu wa Kawangware 46? Subiri kidogo. Mtu akiingia kwa kinyozi hapa mtaani, kabla hajaketi huangalia ile karatasi iliyobandikwa ukutani. Ina vichwa kadhaa, kila kimoja na mtindo wake. Mteja anaonyesha kwa kidole, kinyozi anawasha mashine, maneno yamekwisha. Basi karne ya 16 masonara wa Ulaya nao walipata karatasi za namna hiyo, ila badala ya vichwa zilikuwa na vikombe, birika, mitungi na bakuli za nakshi za ajabu. Mteja tajiri aliangalia, akachagua, na fundi akaingia kazini. Karatasi hizo zilizaliwa katika zama ambazo wanahistoria huziita za Mwamko wa Ulaya, na Dürer ni miongoni mwa waliozifungulia njia.

Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei 1471. Baba yake, ambaye pia aliitwa Albrecht, hakuwa mwenyeji wa Nuremberg. Alikuwa mhamiaji kutoka kijiji cha Ajtós nchini Hungaria, akafika mjini humo mwaka wa 1455 akitafuta kazi ya usonara aliyofundishwa na babake. Jina la kijiji chao linatokana na neno la Kihungaria lenye maana ya mlango, na jina Dürer likatokana na neno la Kijerumani lenye maana hiyo hiyo. Ndiyo maana nembo ya ukoo huo ni mlango uliofunguliwa wazi. Tukilitafsiri kwa Kiswahili, bwana huyu tungemwita Mlango! Na kweli alikuja kuwa mlango, kama tutakavyoona.

Mzee Dürer alifanya kazi kwa sonara mmoja aliyeitwa Hieronymus Holper, akamwoa binti yake, Barbara, mwaka wa 1467. Mungu aliwajalia watoto 18, Albrecht akiwa wa tatu. Lakini maisha ya wakati huo yalikuwa magumu jamani. Kati ya hao 18, ni 3 tu waliofika utu uzima. Hebu fikiria mama huyo alizika mara ngapi.

Albrecht alisoma kidogo, kisha baba akamweka karakanani kumfunza kazi. Kijana hakuwa wa mchezo. Alipokuwa na umri wa miaka 13, mwaka wa 1484, alijitazama kwenye kioo akajichora kwa kijiti cha fedha juu ya karatasi. Mchoro huo upo hadi leo katika jumba la Albertina mjini Vienna. Umri huo wengi wetu tulikuwa tunachora magari kwenye jalada la daftari!

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuchacha. Kijana alimwambia baba yake kwamba moyo wake hauko tena kwenye dhahabu, uko kwenye uchoraji. Mzee alisikitika. Hakusikitika kwa sababu ya ukali, la hasha. Alihuzunikia miaka iliyopotea. Mtoto alikuwa ameshajua kufua fedha vizuri, na sasa anataka kuanza moja upya kwa mwalimu mwingine, kwa gharama nyingine. Nyumba ina watoto wengi na mdomo haungoji. Wazazi wetu wanaelewa jambo hili vizuri, maana wengi wao wamewahi kulipa karo ya masomo ambayo mtoto aliyaacha katikati. Hata hivyo, mzee alikubali. Tarehe 30 Novemba 1486, kijana akaingia uanagenzi kwa mchoraji Michael Wolgemut. Uamuzi huo wa baba mmoja mhamiaji ndio uliotupa Dürer tunayemjua.

Je, miaka ile ya usonara ilipotea kweli? Nasema haikupotea hata siku moja, na nitawaonyesha kwa nini.

Iko kazi inayoitwa kuchonga bamba la shaba. Fundi huchukua bamba laini lililong'arishwa, akashika kalamu ya chuma yenye ncha kali na kipini cha mviringo kinachokaa kwenye kiganja. Haichori kama kalamu ya wino, bali inasukumwa mbele, ikiinua unyuzi mwembamba wa shaba na kuacha mfereji. Mikunjo ikija, ni bamba linalozungushwa, siyo mkono. Akimaliza, hupaka wino bamba zima, kisha hulipangusa mpaka wino ubaki ndani ya mifereji tu. Huweka karatasi yenye unyevu juu yake na kuvipitisha pamoja kati ya magogo mawili yanayobana kwa nguvu. Karatasi hunywa wino ule, na picha ikatoka, lakini kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Bamba moja laweza kutoa mamia ya nakala.

Kazi hiyo haikuzaliwa kwa wachoraji. Ilizaliwa kwa masonara, kwa sababu wao ndio waliozoea kutia nakshi kwenye sahani na vikombe kwa ncha ya chuma. Kwa hivyo Dürer aliposhika kalamu ile, mkono wake ulikuwa umeshajua njia. Wachoraji wengine walilazimika kujifunza kutoka mwanzo. Yeye alikuwa amekulia ndani yake.

Alipomaliza uanagenzi, alishika njia mwaka wa 1490, kama ilivyokuwa desturi ya vijana mafundi. Alitamani sana kumwona Martin Schongauer wa Colmar, bingwa wa kuchonga mabamba, naye pia mtoto wa sonara. Lo! Alipofika huko mwaka wa 1492, Schongauer alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Ndugu za marehemu walimpokea vizuri, lakini mwalimu hakuwepo tena. Akaendelea hadi Basel na Strasbourg, akifanya kazi kwa wachapishaji wa vitabu.

Mwaka wa 1494 aliitwa nyumbani. Wazee walikuwa wameshapanga ndoa. Mnamo tarehe 7 Julai alimwoa Agnes Frey, binti ya Hans Frey, fundi wa shaba aliyesifika kwa kutengeneza chemchemi ndogo za mezani, zile za kurusha maji au divai wageni wakila. Tazama basi: baba sonara, babu sonara, mkwe fundi wa shaba. Kila upande aliogeuka, Dürer alikutana na chombo kinachometameta. Hawakujaliwa mtoto, lakini Agnes alikuwa nguzo ya biashara. Mwaka wa 1505 alikwenda mwenyewe kwenye soko kuu la Frankfurt kuuza picha za mumewe, na mama mkwe akauza kule Nuremberg. Akina mama wetu wa sokoni, mmesikia?

Jina la Dürer lilivuma mwaka wa 1498 alipotoa kitabu cha picha za Ufunuo wa Yohana, zilizochongwa kwenye mbao. Katika picha mojawapo yupo yule mwanamke wa Babeli ameketi juu ya mnyama wa vichwa saba, na mkononi ameinua kikombe. Kikombe hicho hakikutoka Babeli! Ni kikombe cha masonara wa Nuremberg hasa, chenye mafundofundo yanayopokea mwanga. Watu wa mji walipokitazama, walikiona cha kwao.

Halafu, karibu mwaka wa 1501 au 1502, akachonga bamba la Nemesis, mwanamke mwenye mabawa anayesimama juu ya tufe, mbingu yake, na chini kuna kijiji cha milimani. Mkono mmoja umeshika hatamu ya kuwazuia wenye kiburi, mwingine umeshika kikombe kirefu chenye kifuniko cha kuwatuza wanaostahili. Ukikitazama kikombe kile kwa makini, sonara angeweza kukifua kesho yake. Kila uvimbe na kila jani lipo. Na katika daftari lake moja, lililohifadhiwa Dresden, uko ukurasa wenye vikombe 6 vilivyosimama kama wanafunzi gwarideni, kila kimoja na umbo lake. Chini yake ameandika kwa mkono wake kwamba kesho atachora vingine zaidi. Hilo si neno la mtu aliyechoka na kazi.

Umaarufu nao una wezi wake. Dürer alitia alama kwenye kazi zake, herufi A kubwa ikiifunika D ndogo, kama mlango vile. Alama hiyo ikawa pesa. Mwitalia Marcantonio Raimondi alinakili mfululizo wake wa picha za maisha ya Bikira Maria, alama na yote! Mnamo Januari 1512, baraza la Nuremberg lilimwamuru mgeni mmoja aliyekuwa akiuza picha bandia karibu na ukumbi wa mji aifute alama ile, la sivyo apokonywe mali yake. Dürer naye alikuwa ameshachapisha, mwaka wa 1511, onyo kwa wanaonakili, akitegemea hati ya Kaisari Maximilian. Wasanii wetu ambao kazi zao huuzwa mitaani bila wao kupata hata ndururu, wanajua uchungu huo.

Sasa tuje kwetu, maana nilisema msubiri.

Mwaka wa 1502, Vasco da Gama alifika Kilwa na meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon mwaka wa 1503. Mfalme Manuel wa Ureno akaamuru ifuliwe iwe chombo cha kanisani, chenye minara na nakshi ndogondogo mfano wa jumba zima, na kikakamilika mwaka wa 1506. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, na maandishi yaliyotiwa juu yake yanaeleza wazi kwamba kilitengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kwa hiyo mojawapo ya vyombo vya nakshi vinavyosifiwa sana katika zama hizo kilitokana na mali ya Waswahili, waliyoitoa kwa kutishwa.

Hayo hayakuisha. Mwaka wa 1505, msafara wa Francisco de Almeida uliiteka Kilwa mwezi wa Julai, na mwezi wa Agosti ukaiteketeza Mombasa. Waliotia mtaji katika meli 3 za msafara huo walikuwa matajiri wa Ujerumani, zikiwemo familia za Imhoff na Hirschvogel, watu wa Nuremberg, mji ule ule wa Dürer. Sisemi kwamba Dürer alishika mkuki. Nasema kwamba fedha zilizong'aa mezani kwa matajiri wa mji ule zilikuwa na historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilipita kwenye fukwe zetu. Tukisifu nakshi, tusisahau madini yalikotoka.

Dürer mwenyewe hakufika Afrika, lakini dunia ilimfuata. Mnamo Mei 1515, kifaru mmoja kutoka India alishushwa Lisbon. Dürer hakumwona. Alipata barua na mchoro tu, akachonga picha ya mbao iliyosambaa Ulaya nzima. Alimvika kifaru magamba kama deraya la chuma, akamwongezea pembe ndogo mgongoni! Anayetaka kumsahihisha aende mbuga ya wanyama ya Nairobi akatazame, ingawa wetu wana pembe mbili na yule wa India alikuwa na moja. Ukiitazama picha ile utamtambua sonara: ngozi ya mnyama imetiwa nakshi kama chombo.

Miaka ya 1513 na 1514 alichonga mabamba yake matatu makuu, likiwemo lile la Melencolia, mwanamke mwenye mabawa aliyeketi kwa mawazo akizungukwa na vifaa vya kazi. Kuna msumeno, randa, misumari, bikari, hata chungu kidogo cha kuyeyushia madini kilichokaa motoni. Mwaka huo wa 1514 alimzika mama yake, baada ya kumchora kwa makaa akiwa amekonda kwa ugonjwa. Baba alikuwa ameshafariki mwaka wa 1502.

Mwaka wa 1520 alisafiri na Agnes hadi Antwerp, akitaka kaisari mpya, Charles wa Tano, athibitishe malipo yake ya florini 100 kwa mwaka. Mjini Brussels aliona hazina zilizoletwa kutoka Mexico: jua zima la dhahabu na mwezi wa fedha, upana wa kila kimoja sawa na mikono miwili ya mtu iliyonyooshwa. Mtoto huyu wa sonara aliduwaa. Aliandika kwamba maisha yake yote hajapata kuona vitu vilivyoufurahisha moyo wake kama hivyo, akashangazwa na akili za watu wa nchi hizo za mbali. Vitu hivyo havipo tena.

Huko Antwerp alifanya urafiki na mawakala wa mfalme wa Ureno. Walimpa kasuku, vyombo vya kaure vya Uchina, na nazi. Naam, nazi! Ulaya ya wakati huo, kifuu kilikuwa kitu cha thamani. Masonara walikichonga nakshi, wakakivika mguu na kifuniko cha fedha, kikawa kikombe cha matajiri. Na kaure zile ndizo ambazo Waswahili wa Gede, Lamu na Pate walikuwa wakizipanga majumbani na kuzijengea kwenye makaburi yao. Tena mwaka wa 1521, katika nyumba ya wakala mmoja Mreno, alimchora msichana Mwafrika wa miaka 20 aitwaye Katharina, ambaye alikuwa mtumishi humo. Ameinamisha macho. Dürer aliandika jina lake na umri wake juu ya karatasi, na kwa sababu hiyo tunamjua hadi leo, wakati mamia ya wenzake wamesahaulika.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili, hapa nataka mnisikilize vizuri. Mwaka wa 1525 Dürer alitoa kitabu cha kupima kwa bikari na rula. Wasomi wa siku hizo waliandika Kilatini. Yeye aliandika Kijerumani, akasema kitabu chake ni cha wachoraji, masonara, wachongaji, waashi na maseremala. Lugha ya mtaani haikuwa na maneno ya jiometria. Je, aliacha? Thubutu! Aliyaunda kutokana na vitu vinavyoonekana: duaradufu akaiita mstari wa yai, mzingo mwingine akauita mstari wa konokono, na ule unaokusanya miale ya jua akauita mstari wa kuunguza. Kwa hivyo anayesema Kiswahili hakiwezi kufundisha sayansi kwa sababu hakina maneno, mwambie akamuulize mwana wa sonara.

Dürer alifariki tarehe 6 Aprili 1528 akiwa na umri wa miaka 56, akazikwa katika makaburi ya Mtakatifu Johannes mjini kwao. Kitabu chake cha vipimo vya mwili wa binadamu kilichapishwa mwaka huo huo, mwenyewe ameshaondoka. Nyumba aliyoinunua mwaka wa 1509 sasa ni jumba la makumbusho.

Mlango alioufungua haukufungwa. Albrecht Altdorfer wa Regensburg alichonga mabamba mengi ya vikombe. Hans Brosamer akatoa kijitabu kizima cha vyombo. Virgil Solis wa Nuremberg na Enea Vico wa Italia nao wakafuata. Sonara wa mji mdogo ambaye hangeweza kusafiri hadi Nuremberg au Roma alinunua karatasi, akajua mitindo. Nuremberg kwenyewe, katika karne hiyo ya 16, aliyetaka kuitwa fundi mkuu alitakiwa atengeneze pete, muhuri, na kikombe chenye umbo la ua. Akishindwa, hafungui karakana.

Na sasa lile jibu nililoahidi. Fedha ina balaa moja: vita vikija, au deni, au mtindo ukipitwa, chombo huyeyushwa kikawa sarafu. Vikombe vingi mno vya zama hizo viliishia hivyo. Hakuna hata kimoja kinachojulikana kwa hakika kuwa cha mzee Dürer. Sura ya mzee tunaijua kwa sababu mwanawe alimchora, na vikombe vya aina yake tunavijua kwa sababu mwanawe alivitia kwenye karatasi. Dhahabu iliyeyuka, karatasi ikabaki. Mzee aliyedhani miaka ya mafunzo imepotea, kumbe ndiyo iliyomwokoa yeye na wenzake wasisahauliwe.

Hapa Kawangware mafundi wa jua kali wanafua masanduku ya shule, majiko na makarai. Kule Kibera wapo wanaotengeneza bangili na vikuku vya shaba na mifupa, kazi safi kabisa. Wengi hawachori. Mtindo unakaa kichwani, fundi akihama au akifariki unakwenda naye. Sisi wenye daftari na penseli tungeweza kukaa nao Jumamosi moja moja, tuchore umbo, tuandike vipimo na majina ya vifaa kwa Kiswahili chao wenyewe, na jina la fundi tuliweke chini ya mchoro. Chama chetu kina wanachama wa kutosha. Penseli si ghali. Na aliye na baba au mjomba fundi asimwonee haya, maana huenda anachojifunza pale leo ndicho kitakachomfaa asikokutarajia.